Kondoa 1916: shajara ya kuandaa zoezi la ardhini kwa maafisa wanafunzi

Januari, Dodoma

Ruhusa imetoka, ingawa kwa shingo upande. Nitaandaa zoezi la mbinu lisilotumia askari: maafisa wanafunzi wanasimama juu ya ardhi yenyewe, wanapewa hali ya adui na hali yao, wanafikiri, wanatoa uamuzi, kisha wanautetea mbele ya wenzao. Hakuna risasi wala kutambaa kwenye matope. Majeshi mengi hufundisha hivi, na sijaona njia nyepesi zaidi ya kumtambua kijana anayefikiri na yule anayekariri.

Sitataja chuo, idadi ya wanafunzi wala tarehe za safari. Wenzangu wa jeshini mnaelewa, wengine mtanivumilia. Mengine yote ni historia iliyochapishwa zamani.

Ardhi niliyoichagua ni Kondoa, na vita ni vya 1916. Sababu ni ugonjwa ninaouona kila mkupuo mpya unapoingia darasani. Mpe afisa mwanafunzi ramani na kalamu nyekundu, kitu cha kwanza atakachochora ni mshale. Mshale mzuri kweli: unapita ubavuni mwa adui, unamzunguka nyuma, adui kwisha. Mwulize sasa watu waliomo ndani ya mshale huo watakunywa wapi kesho jioni. Anakutazama kana kwamba umemwuliza bei ya nyanya. Nataka zoezi ambalo mshale hauchorwi mpaka maji na chakula viwe vimehesabiwa, na Kondoa inalazimisha hesabu hiyo kuliko uwanja wowote wa vita ninaoujua nchini.

Mwenzangu mmoja alipendekeza Kongwa, kwenye kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA. Anasema ile ni historia yetu, hii ya Kondoa ni ya wazungu waliokuja kugombania mashamba ya watu. Hoja nzito. Ila Kongwa watu walijiandaa kwa vita vya kwingine, hawakupigana pale, nami nahitaji ardhi iliyopiganiwa. Tumeafikiana Kongwa liwe zoezi lake yeye mwakani, nami nitambebea viti.

Mwisho wa Januari

Nimeandika karatasi ya hali. Kwa ufupi iko hivi.

Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yamewasukuma Wajerumani kutoka eneo la Kilimanjaro. Masika yanakaribia. Smuts anamtuma Jacob van Deventer na divisheni ya pili, wapanda farasi wa Afrika Kusini wakitangulia, washuke kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa, ili baadaye waikate Reli ya Kati. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Anayeikata anawagawa Wajerumani vipande viwili. Kwenye ramani, uamuzi wa maana kabisa.

Mwanzoni mwa Aprili wanaushambulia mlima Lolkisale, ambao leo uko Wilaya ya Monduli. Maji ya maana ya eneo lile yalikuwa mlimani kwa Wajerumani, kwa hiyo farasi wa washambuliaji walikuwa wakipigana na kiu huku wapandaji wao wakipigana na bunduki. Mlima ukasalimu amri. Kisha Ufiome, kisha ukingo wa Bereku, na tarehe 19 Aprili wako Kondoa mjini.

Hapo mshale ukagoma. Farasi walikuwa wamekufa kwa mamia njiani, wengi kwa maradhi, ikiwemo nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mvua ilifunga njia nyuma yao, magari ya injini na mikokoteni ya ng'ombe yakazama kwenye udongo mweusi wa mbugani. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaiona nafasi. Akahamisha sehemu kubwa ya jeshi lake kutoka kaskazini, akaitumia reli kufika Dodoma, akapanda kwa miguu hadi Kondoa. Waingereza walimkadiria kuwa na watu wapatao 4,000. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei akashambulia, akarudishwa mara nne. Pande zote mbili zikakaa zinatazamana, zinaugua na kushinda njaa, mpaka mwishoni mwa Juni. Van Deventer aliingia Dodoma tarehe 29 Julai.

Kutoka Kondoa mpaka Dodoma ni kilomita 160 hivi kwa barabara ya leo. Yeye zilimchukua miezi mitatu na siku kumi. Sentensi hiyo nimeipigia mstari kwenye karatasi ya mkufunzi. Ndiyo zoezi zima.

Februari, barabarani

Nimepita njia kuanzia Dodoma. Makutupora, Mayamaya, Chemba, Kondoa. Lami tupu siku hizi; vipande vya Mayamaya hadi Mela na Mela hadi Bonga vilizinduliwa 2018, na basi linakufikisha Kondoa kabla hujaanza kufikiria chakula cha mchana. Kwa mkufunzi hili ni tatizo. Kijana aliyelala kwenye kiti kuanzia Makutupora hawezi kuelewa mbuga ni nini. Nimeandika pembeni: washushwe kabla ya Chemba, watembee nje ya lami, waone udongo unavyoshika buti.

Makutupora penyewe panafaa kwa dakika kumi za maelezo, kwa kuwa visima vya bonde lile ndivyo tegemeo kuu la maji ya jiji la Dodoma. Makao makuu ya nchi yanakunywa kutoka kwenye njia ileile ambayo majeshi mawili yaliishiwa pumzi. Nitawaacha waunganishe wenyewe.

Kondoa nilipelekwa kwa mzee mmoja Mrangi anayejua vilima vya upande wa kusini wa mji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kwanza kama nimekuja kupima viwanja. Nilipomwonyesha korongo moja ambalo kwa macho yangu lilikuwa handaki la kujikinga lililoletwa na Mungu, akacheka.

"Hilo mwanangu halikuwepo. Mimi mdogo nilikuwa nalivuka kwa kuruka. Lilikula, likala, mpaka walipotuondolea ng'ombe mwaka wa 79, ndipo majani yakarudi."

Anazungumzia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa eneo lililoharibika. Kwa zoezi langu, maana yake ni kwamba ardhi ya leo si ile aliyoiona van Deventer. Makorongo mengine ni mapya, vichaka vingine vimeota juu ya mahali palipokuwa peupe. Kumbe kila kituo cha zoezi kinahitaji swali la kwanza: kitu gani hapa hakikuwepo? Afisa anayeamini kila anachokiona leo kuwa ndicho kilichokuwepo juzi atapotezwa hata na picha za satelaiti.

Mzee nimemwomba aje kuzungumza na vijana. Amekubali, kwa sharti kwamba wasimkatize.

Machi, darasani: hesabu ya mpagazi

Kipindi hiki nilikipanga kiwe cha dakika arobaini. Kimekula asubuhi nzima, na sijutii.

Niliandika ubaoni namba za kufundishia, si za kumbukumbu ya jeshi lolote. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo 1 kwa siku. Kikosi kilicho mbele kina watu 3,000, kila mmoja anakula kilo 1. Njia ni mwendo wa siku 10 kwenda na 10 kurudi. Mnahitaji wapagazi wangapi?

Jibu la kwanza lilitoka haraka: kilo 3,000 gawanya kwa 25, wapagazi 120 kwa siku. Nikanyamaza. Baada ya muda mmoja akanyanyua mkono: "Afande, na yeye anakula."

Ndiyo, na yeye anakula. Siku 20 barabarani, kilo 20. Anayefika na kilo 25 zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa kweli anakabidhi 5. Kwa hiyo wanaotakiwa kufika kila siku ni 600. Na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 20, idadi ya watu walio barabarani kwa wakati mmoja ni 12,000. Kuwalisha watu 3,000. Unga peke yake. Bado risasi, dawa, majeruhi na nyasi za farasi.

Kisha nikasogeza kikosi mbele kidogo, mwendo wa siku 12. Kilo anazokabidhi mpagazi: 1. Wapagazi barabarani: 72,000. Siku 13: mpagazi anafika akiwa anadai.

Darasa lilitulia. Hapo ndipo nilipowaomba warudi kwenye mishale yao ya wiki iliyopita.

Swali zuri kuliko yote lilitoka kwa afisa mwanafunzi wa kike anayekaa karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka amalize kuandika. "Afande, hao 12,000 wanalala wapi?" Tukahesabu. Kila kambi ya njiani inalaza 600 wanaokwenda na 600 wanaorudi. Watu 1,200 kila usiku, na kwa lita 5 kwa kichwa ni lita 6,000, kila usiku, kila kambi. Akaendelea: kambi yenye maji ya kutosha watu 1,200 si nyingi katika Ugogo na Irangi, kwa hiyo adui akizijua hana haja ya kulishambulia jeshi, atachafua visima viwili tu. Mimi swali lile la pili sikuwa nalo kwenye karatasi. Sasa liko.

Wengine walilalamika kuwa hesabu hii ni ya kizamani, leo kuna malori na helikopta. Nikawaambia wabadilishe tu majina: lori nalo linakunywa mafuta kwenda na kurudi, na lori la mafuta nalo linakunywa mafuta. Wafanye hesabu nyumbani.

Mwisho wa Machi

Mvutano na mkufunzi mwenzangu wa mizinga. Anataka kituo cha Kondoa kiwe cha mzinga wa Königsberg, maana vijana wanapenda mizinga na yeye anaipenda kuliko wao. Habari yenyewe ni tamu, sikatai: manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaokolewa, ikatengenezewa magurudumu na kupelekwa medani. Mmoja ulifika mbele ya Kondoa.

Nimemkubalia kwa sharti. Atumie nusu saa, lakini swali lake kwa wanafunzi lisiwe mzinga ulipiga umbali gani. Liwe: kutoka reli ya Dodoma mpaka vilima vya Kondoa, nani aliuvuta, wangapi, walikula nini, na kila kombora lilibebwa na mabega ya nani? Alinuna siku moja, kisha akaniletea hesabu nzuri kuliko yangu.

Mvutano wa pili ni majira. Wakubwa wanataka Julai, kukavu, magari hayasumbui. Mimi nataka matope. Tumeafikiana mwishoni mwa Aprili. Magari ya safari yamepunguzwa, lakini yapo.

Mwishoni mwa Aprili, Kondoa: zoezi la majaribio

Kundi dogo. Simu zilikusanywa asubuhi, na kila kundi likapewa nakala ya ramani ya Kijerumani ya mizani 1:300,000. Sentimita moja ni kilomita tatu. Kilima kizima kinafichika chini ya ncha ya kalamu. Walizoea karatasi za 1:50,000 zenye kontua, ile mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Walipozikosa, ghafla wakaanza kutazama nje. Walinyanyua vichwa, wakauliza wapita njia, wakapanda juu ya mawe kuona. Ndicho nilichokitaka.

Kituo cha Bereku kilikwenda haraka. Ukingo ni mkali, njia inapanda wazi, na hata asiye askari anaelewa kwa nini mtu mwenye rashasha angekaa pale. Hatukukaa sana.

Kituo cha chemchemi ya Kondoa ndicho kilichotuchukua muda. Kazi: mmefika hapa na farasi 1,000, kila mmoja anahitaji angalau lita 30 kwa siku. Wanywesheni. Makundi mawili yalianza kujadili ulinzi wa mji. Kundi la tatu liliomba ndoo. Kwa ruhusa ya ofisi ya mtaa walipima maji yanavyotoka kwa ndoo na saa ya mkononi, wakakokotoa kwa saa 24, kisha wakaanza kupanga zamu: farasi wangapi kwa wakati mmoja, wapite njia gani ili wasichafue, wapagazi wachote wapi. Walipomaliza, mpango wao wa ulinzi ulikuwa umejichora wenyewe, kwani walijua sasa ni mahali gani hawaruhusiwi kupapoteza. Sikuhitaji kusema neno.

Jioni tulipanda vilimani kwa ajili ya shambulio la Lettow. Tulikaa mpaka giza lilipoingia, saa moja na nusu, saa ambayo shambulio lilianza. Mwezi mwandamo ulikuwa tarehe 2 Mei 1916. Kwa hiyo usiku wa tarehe 9 mwezi ulikuwa nusu, uko juu mapema, unatua kwenye usiku wa manane. Niliwauliza: wewe ni Lettow, unataka mwanga au giza? Wengi walitaka giza. Nikawauliza tena: askari wako wamefika hapa juzi, hawavijui vilima hivi, adui amejichimbia na anakusubiri. Bado unataka giza? Mabishano yalikuwa makali, na nimefurahi hakuna aliyeshinda. Shambulio la 1916 liliendelea mpaka kama saa tisa usiku, vikosi vya miguu vya Afrika Kusini, cha 11 na cha 12, vikishikilia mistari yao. Lettow alipoteza pale maafisa wazoefu ambao asingeweza kuwapata tena, maana meli za kuleta wengine hazikuwepo.

Mmoja aliuliza kwa nini basi Lettow alishambulia, ikiwa njaa na nagana zilikuwa zikimfanyia kazi bure. Nilimrudishia aandike kurasa mbili. Mimi mwenyewe nina maoni: kamanda aliyeleta watu kwa treni na kwa miguu kutoka mbali hivyo huona aibu kuwakalisha. Lakini hayo ni maoni yangu tu, na kwenye karatasi ya mkufunzi hayamo.

Mzee alikuja asubuhi iliyofuata. Alizungumza saa nzima, wala hakuna aliyemkatiza. Kuhusu mishale na vikosi hakusema kitu. Alisema ghala za watu zilifunguliwa na nani, na nani alirudi kutoka kwenye upagazi akiwa hawezi tena kulima.

Mei, Dodoma

Maelezo ya mzee yamenilazimu kuongeza kituo. Zoezi lilikuwa liishie stesheni ya Dodoma, van Deventer akiwa ameikamata reli, Wajerumani wakirudi kuelekea Mpwapwa na Kilosa, watu wakipiga picha ya pamoja. Sasa pale stesheni nitawapa karatasi ya mwisho.

Inahusu njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Ilikuja mwishoni mwa vita na kuendelea baada yake. Ukame ulikuwepo, lakini Ugogo ulikuwa umezoea ukame. Safari hii nafaka na ng'ombe walikuwa wamechukuliwa na majeshi, kwanza ya upande mmoja kisha ya mwingine, na vijana wenye nguvu za kulima walikuwa wamepelekwa kubeba mizigo. Makadirio ya utawala wa Kiingereza yalisema watu 30,000 hivi walikufa katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu kama 150,000. Ukilinganisha na waliokufa vilimani Kondoa usiku ule, huwezi kuviweka kwenye mzani mmoja.

Swali la kituo hiki ni la hesabu kama mengine. Rudini kwenye kilo zenu 3,000 za kila siku. Tuseme njia ya nyuma imefungwa na mvua, mpagazi hafiki, na mnakaa hapa siku 60. Kilo 180,000 zinatoka wapi? Zitajeni kaya, zitajeni ghala, andikeni mtalipa kwa nini na mtaacha mbegu kiasi gani. Atakayeandika "vikosi vitajitafutia chakula katika eneo" arudishiwe karatasi yake.

Kuna aliyeniambia hili si somo la mbinu, ni la ustawi wa jamii. Nimemjibu kwamba Lettow na van Deventer wote wawili walipanga vita vyao kwa chakula cha Wagogo na Warangi, kwa hiyo kimo ndani ya mbinu zao. Sisi ndio tuliokuwa tumekiacha nje ya vitabu vyetu vya darasani.

Hali ya mradi kwa sasa: vituo vitano, Lolkisale, Bereku, chemchemi ya Kondoa, vilima, na stesheni ya Dodoma. Kile cha matembezi ya mbugani kabla ya Chemba nimekiondoa kwenye hesabu ya vituo na kukifanya sehemu ya safari, maana hakina swali, kina matope tu. Mwongozo wa mkufunzi umefika rasimu ya tatu. Mwenzangu wa mizinga anaandika ukurasa wake mwenyewe na umeshazidi mipaka.

Kilichobaki bila kuamuliwa ni simu. Upande mmoja unasema afisa wa leo hatapigana kamwe kwa ramani ya 1:300,000, hivyo tunamfundisha adha tu. Mimi nimependekeza siku ya kwanza wawe na ramani ya Kijerumani, siku ya pili warudishiwe simu na picha za satelaiti, halafu waandike ni uamuzi gani wangeubadilisha na kwa nini. Kikao kijacho kitaamua. Barua ya kuomba kutumia eneo la stesheni imekwenda, na makadirio ya mafuta nayapeleka Jumatatu, safari hii nikiwa nimeweka na lita za gari la maji.